Ua la theluji: Kosa moja huzaa kumi na mawili

Hebu msomaji nikuulize swali. Ni lini mara ya mwisho ulipokunja karatasi, ukaikatakata kwa mkasi, kisha ukaikunjua polepole huku moyo ukikudunda kama wa mtahiniwa anayesubiri matokeo? Huenda uliifanya kazi hiyo shuleni mwishoni mwa muhula wa tatu, walimu wakisahihisha mitihani nanyi watoto hamna la kufanya. Karatasi inakunjwa, inakatwa, inakunjuliwa, na lo! Ua limechanua.

Siku hizi ua hilo halikatwi kwa mkasi pekee. Linachorwa kwenye kiwambo cha tarakilishi, likachapishwa mara moja au mara mia, na kila moja likafanana na lenzake kama shilingi kwa ya pili. Wiki hii nakukaribisha tulichunguze pamoja ua hili, ambalo watu wa nchi za baridi hulikata kwa mfano wa chembe ya theluji. Nitakueleza linavyokunjwa, linavyochorwa kwa tarakilishi, na ujanja unaotumiwa na waliobobea. Lakini kwanza sharti nikuungamie aibu iliyotupata nyumbani, kwani ndiyo iliyonifunza mengi ya haya.

Kilichodondoka sakafuni

Binti yangu ni mwanafunzi wa shule ya sekondari. Likizo moja ya Desemba aliwaahidi majirani zetu mtaani kadi 40 za sikukuu, kila kadi ikiwa na ua la theluji lililokatwa katika karatasi nyeupe ya manila. Majirani walimlipa nusu ya bei mapema, na pesa hizo ndizo zilizonunua karatasi na kulipia uchapishaji pale saiba.

Alichora ua lake jioni tatu mfululizo. Alipomaliza aliniita. "Baba, njoo uone." Nilipotazama kiwamboni nilibaki kinywa wazi. Katikati palikuwa na nyota ndogo. Kuizunguka palikuwa na duara safi, kisha matawi sita yaliyojaa vijani na vitundu kama taraza za kitambaa. Sikuuliza swali hata moja. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo umefika. Kachapishe."

Akachapisha zote 40. Jumamosi asubuhi aliketi mezani na wembe, akaanza kulikata la kwanza. Alikata kwa subira, akamaliza duara la katikati, na mara ile nyota ikadondoka sakafuni. Akadhani mkono wake umeteleza. Akakata la pili. Nyota ikadondoka. Alipoanza la tatu alitua wembe, akalitazama ua kwa muda, kisha akanitazama mimi. Hakuhitaji kusema neno. Karatasi zote 40 zilikuwa na kosa lile lile, pesa za watu zilikuwa zimetumika, na sikukuu ilikuwa imebaki siku chache.

Kosa lilikuwa lipi? Vuta subira, msomaji. Ili ulielewe, lazima kwanza uelewe ua lenyewe.

Kwa nini sita?

Huenda ukauliza: Mkenya na theluji wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini theluji tunayo, japo iko juu sana na wachache wameigusa. Huanguka kwenye vilele vya Mlima Kenya, ambao kilele chake kirefu zaidi, Batian, kina mita 5,199, hapa hapa karibu na Ikweta. Huanguka pia juu ya Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Barafu ya kudumu ya milima hiyo imekuwa ikipungua mwaka baada ya mwaka, na mnamo 2022 shirika la UNESCO lilionya kwamba huenda ikatoweka ifikapo 2050.

Usichanganye theluji na mvua ya mawe. Mnamo Septemba 2008 wakazi wa sehemu za Nyahururu walitoka kutazama mteremko uliofunikwa weupe, na wengi walidhani ni theluji. Kumbe ilikuwa mvua ya mawe. Jiwe la mvua ni tone la maji lililoganda likavikwa barafu tabaka juu ya tabaka ndani ya wingu. Chembe ya theluji hukua kwa njia nyingine. Huanza kama kipande kidogo mno cha barafu, kisha mvuke ulio hewani hugandia juu yake bila kuwa maji kwanza, nacho hukua kwa mpango maalumu.

Mpango wenyewe ni wa sita. Molekuli za maji zinapoganda hushikana sita sita, mfano wa vyumba vya sega la asali. Ndiyo maana chembe huanza ikiwa na pande sita, na kila pembe huchipua tawi lake. Matawi yote sita husafiri pamoja ndani ya wingu lile lile, katika baridi ile ile na unyevu ule ule, kwa hivyo hukua yakifanana.

Mtaalamu wa nyota Johannes Kepler aliliuliza swali hili la sita mwaka 1611 akiwa mjini Prague, katika kijitabu alichokitoa kama zawadi ya mwaka mpya. Hakupata jibu kamili, kwa kuwa elimu ya molekuli ilikuwa haijazaliwa. Huko Vermont, Marekani, mkulima mmoja aitwaye Wilson Bentley aliunganisha kamera na hadubini, na mwezi wa Januari 1885 akapiga picha ya chembe moja ya theluji. Aliendelea hivyo hadi akafikisha picha zaidi ya 5,000. Ili chembe ionekane nyeupe juu ya weusi, alikwangua kwa kisu utando wa filamu ulioizunguka. Kwa maneno mengine, naye alikuwa mkataji wa maua ya theluji.

Baadaye Mjapani Ukichiro Nakaya, katika Chuo Kikuu cha Hokkaido, alifaulu mwaka 1936 kuotesha chembe ya theluji maabarani juu ya ncha ya unywele wa sungura. Aligundua kwamba umbo hutegemea baridi na unyevu. Karibu na nyuzi 5 chini ya sufuri hutokea vijiti na sindano. Karibu na nyuzi 15 chini ya sufuri, penye unyevu mwingi, huchanua zile nyota zenye matawi tunazozijua katika kadi.

Kwa hivyo msomaji, ukiona ua la theluji lenye pembe nane, jua kwamba aliyelikata alikosea mkunjo.

Mikunjo ya karatasi

Hata kama una tarakilishi ya kisasa, nakushauri uanze na karatasi. Chukua karatasi ya A4, uikate iwe mraba wa sentimita 21 kila upande. Ikunje kutoka pembe hadi pembe ili upate pembetatu. Tafuta katikati ya upande ule mrefu. Hapo ndipo kitovu cha ua lako.

Kutoka kitovuni una digrii 180. Zigawe mara tatu: kunja upande wa kulia uje katikati, kisha wa kushoto uufunike, ili upate pembe ya digrii 60. Kipimapembe cha mwanafunzi kitakusaidia hadi jicho lizoee. Mwisho, kunja tena katikati. Sasa una kabari nyembamba ya digrii 30, mfano wa kipande cha chapati iliyogawiwa watoto wengi. Kabari hiyo ina tabaka 12 za karatasi, na 12 mara 30 ni 360, yaani duara zima.

Kata utakavyo, kisha kunjua. Ukitazama vizuri utaona kwamba kila ulichokikata kimejirudia kwa njia mbili. Kwanza kimeakisiwa, kama uso katika kioo. Pili kimezungushwa kukizunguka kitovu, digrii 60 kila mara. Kuakisi na kuzungusha! Hizo ni mada zile zile za hisabati zinazowatoa jasho wanafunzi wetu wa sekondari. Mkasi hufundisha kwa dakika tano yale ambayo ubao huyasema kwa juma zima.

Lakini karatasi ina mipaka yake. Karatasi moja ya kawaida ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hivyo tabaka 12 zina unene wa zaidi ya milimita moja. Mkasi hukwama, tabaka za ndani huteleza, na tawi la kwanza halilingani sawasawa na la sita. Fauka ya hayo, ukikosea huwezi kurudisha kilichokatwa. Hapo ndipo tarakilishi inapokuja kwa msaada.

Kabari ya kiwamboni

Zipo programu nyingi za kuchora. Ninayoipendekeza kwa familia ni Inkscape, kwa sababu haina malipo. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na ingali inaboreshwa. Inkscape huchora kwa njia ya vekta. Picha ya kawaida, kama ya kamera, imejengwa kwa vitone viitwavyo pikseli, na ukiikuza sana kingo zake huwa na meno kama msumeno. Mchoro wa vekta haukumbuki vitone, bali hukumbuka kanuni: mstari unaanzia hapa, unapinda hivi, unaishia pale. Ukuze ujae ukuta, ukingo utabaki laini.

Fuata hatua hizi. Chora duara la sentimita 18, ambalo litaenea vizuri kwenye A4. Kutoka kitovuni, chora mstari wima kwenda juu. Chora mstari wa pili unaotoka kitovuni kwa pembe ya digrii 30 kutoka ule wa kwanza. Eneo lililo kati ya mistari hiyo ndiyo kabari yako. Ifanye umbo moja lililojaa rangi ya kijivu.

Sasa, badala ya mkasi, weka maumbo juu ya kabari: viduara, majani, pembetatu, chochote upendacho. Teua umbo pamoja na kabari, kisha toa amri ya kutoa umbo la juu kutoka kwa lile la chini. Panabaki tundu. Ukijuta, rudi nyuma hatua moja, na karatasi yako imepona.

Kabla ya kukata ovyo, shika kanuni hii ya mahali, kwani ndiyo inayomtenganisha fundi na mwanagenzi. Tundu ulilolitoboa ndani ya kabari, mbali na kingo, litatokea mara 12 katika ua. Tundu linalokalia ukingo mmoja wa kabari litaungana na picha yake ya kiooni, nalo litatokea mara sita. Na ukikata ile ncha ya kitovuni, utapata tundu moja tu, katikati ya ua. Mtu aliyeishika kanuni hii hapapasi gizani. Akitaka matawi sita mazito huchonga kingoni, na akitaka taraza nyingi ndogo huchonga ndani.

Kabari ikikamilika, tengeneza nakala yake na uigeuze kushoto kwenda kulia. Kwa kuwa ukingo mmoja ulisimama wima, nakala itakaa sawasawa ubavuni mwake na utapata kabari pacha ya digrii 60. Ziunge ziwe kundi moja. Kisha sogeza ile alama ndogo ya msalaba, ambayo ndiyo mhimili wa kuzungushia, hadi kwenye ncha ya kitovuni. Wengi husahau jambo hili, na nakala zao zote hurundikana mahali pamoja. Sasa zungusha nakala kwa digrii 60, 120, 180, 240 na 300. Ua limetimia.

Na je, ukizungusha bila kuakisi? Utapata umbo zuri pia, lakini mbawa zake zote zitafuata upande mmoja kama za feni.

Nakala tiifu

Hapa ndipo tunapoingia katika ufundi wa juu. Nakala za kawaida huachana na mama yao pindi zinapozaliwa. Ukibadilisha kabari ya kwanza, zile 11 hazina habari. Lakini Inkscape ina nakala za aina ya pili, ziitwazo kloni. Kloni ni nakala tiifu. Ukisogeza tundu kidogo katika kabari ya kwanza, zote 11 husogeza lao papo hapo. Unachora kipande kimoja huku ukilitazama ua zima likifunguka na kujifunga mbele yako.

Tahadhari moja. Kati ya kabari na kabari huweza kubaki ufa mwembamba kama unywele. Jicho hulisamehe, lakini ukipeleka mchoro kwenye mashine ya kukatia vibandiko, wembe wa mashine hufuata kila mstari unaoukuta, na ua lako hurudi likiwa vipande 12. Dawa yake ni hii. Acha kabari ipite ukingo wake kwa unywele tu ili zipandane. Ukisharidhika na mchoro, hifadhi faili. Kisha, katika nakala ya faili hiyo, vunja utiifu wa kloni na uziunganishe zote ziwe umbo moja. Ile faili ya kwanza itunze, maana ndiyo mbegu.

Daraja lililosahaulika

Turudi sasa kwenye nyota iliyodondoka. Binti yangu alipokuwa akichonga kabari yake alichora tao maridadi karibu na kitovu, likaanzia ukingo wa kushoto na kuishia ukingo wa kulia. Katika kabari moja lilikuwa tao dogo tu lisilo na hatia. Lakini tao linalogusa kingo zote mbili, likiakisiwa na kuzungushwa, hugeuka mtaro wa duara zima. Nyota ya katikati ilikuwa kisiwa kisicho na daraja.

Kwa nini hakuona? Kwa sababu kiwambo hakina uzito. Karatasi ingemwambia ukweli mara moja: angekata tao lile kwa mkasi, na ncha ya kabari ingemwangukia mapajani. Kiwamboni kipande kilichokatwa hubaki pale pale kilipo, kikielea kana kwamba kimeshikiliwa na kitu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kwenye tarakilishi huwezi kuwa na hakika hiyo.

Kwa hivyo kila kabari sharti iwe na madaraja. Anza kwenye ncha ya kitovuni na kidole chako, utembee juu ya karatasi bila kuruka tundu lolote hadi ufike kwenye ukingo wa nje. Ukiweza kulifikia kila eneo la kijivu kwa njia hiyo, ua lako ni zima. Daraja nalo liwe na mwili. Kwa wembe na manila, usishuke chini ya milimita 2. Kumbuka pia kwamba ukipunguza mchoro kwa nusu, daraja la milimita 2 huwa la milimita 1, na hilo hupasuka likiguswa.

Kuna jaribio jepesi ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Hifadhi picha ya ua ikiwa na karatasi ya kijivu na matundu meupe, uifungue katika programu ya kupaka rangi kama vile Paint. Chukua alama ya ndoo, teua nyekundu, umwage rangi juu ya kijivu mahali pamoja. Rangi husambaa kama maji, lakini haivuki mtaro. Sehemu yoyote itakayobaki kijivu ndiyo itakayoanguka chini ya meza. Laiti tungelijua hilo usiku ule, kazi ya nusu dakika ingetuokolea karatasi 40.

Pindo lisilokwisha

Kwa wanafunzi wenye hamu zaidi, upo ujanja mwingine usiohitaji mkono kuchora hata kidogo. Mwaka 1904 mwanahisabati wa Uswidi, Helge von Koch, alieleza mstari wa ajabu. Chukua pembetatu yenye pande sawa, tuseme sentimita 27 kila upande. Gawa kila upande mara tatu. Juu ya theluthi ya katikati jenga pembetatu ndogo inayotazama nje, kisha ufute msingi wake. Utapata nyota ya pembe sita. Rudia kitendo hicho kwa kila mstari mpya, na tena, na tena.

Sasa piga hesabu ya mzingo. Mwanzoni ulikuwa sentimita 81. Baada ya hatua ya kwanza ni 108, ya pili 144, na ya tatu 192. Kila hatua huuzidisha kwa nne juu ya tatu, na ukiendelea bila kikomo mzingo nao haufiki mwisho. Lakini umbo lenyewe halitoki kamwe nje ya duara linalopita katika ncha tatu za ile pembetatu ya kwanza, na eneo lake halizidi mara moja na sehemu sita za kumi ya eneo la mwanzo. Pindo lisilo na mwisho limezungushiwa kiwanja kidogo! Je, hilo si la kustaajabisha?

Tarakilishi hulichora pindo hili kwa amri chache. Lugha ya Python huja na kobe wa kuchorea, wazo lililorithiwa kutoka lugha ya Logo ya mwaka 1967. Mwamuru kobe: nenda mbele, pinda kushoto digrii 60, nenda mbele, pinda kulia digrii 120, nenda mbele, pinda kushoto digrii 60, nenda mbele. Huo ni upande mmoja wa hatua ya kwanza. Rudia mara tatu, ukipinda kulia digrii 120 kila mwisho wa upande. Kwa hatua inayofuata, kila "nenda mbele" igeuze kuwa wimbo huo wote, kwa theluthi ya urefu.

Ila kwa ajili ya kukata, simama hatua ya tatu. Hapo kila mstari una sentimita moja na mkasi unaweza. Hatua ya nne ina mistari 768 ya milimita tatu na kidogo. Sitaki wavyele wanilaumu kwa vidole vilivyokatwa.

Kabla hujachapisha

Wino ni ghali, msomaji, kwa hivyo chapisha mistari ya kingo tu, usijaze rangi. Ukitaka kubana matumizi zaidi, chapisha kabari moja peke yake mahali pake kwenye karatasi, kisha ukunje karatasi kwa ile mikunjo ya kale huku kabari iliyochapishwa ikiwa juu, ukate kwa kufuata mistari. Hapo tarakilishi imechora na mkasi umezidisha, kila mmoja kwa kazi aijuayo. Weka kipande cha kadibodi chini ya wembe, kata matundu ya ndani kwanza na ukingo wa nje mwisho, kwani karatasi yenye ukingo mzima haiyumbi. Watoto wadogo wapewe mkasi butu, si wembe.

Na zaidi ya yote, kata moja kwanza. Kata moja tu, uishike mkononi, uitikise. Ikisalimika, ndipo uchapishe zilizobaki.

Koleo na uhunzi

Zile karatasi 40 je? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Binti yangu alirudi kwenye ile faili ya mbegu, akaacha kipande cha milimita 3 bila kukatwa pale tao lilipogusa ukingo wa kushoto. Kwa kuwa nakala zake zilikuwa kloni, ua zima lilipata madaraja sita papo hapo. Kazi hiyo haikumaliza dakika tano. Lakini pesa za kuchapisha upya hazikuwepo, nami sikutaka kumwondolea mzigo wote kwa kutia mkono mfukoni, ingawa kosa la kutouliza lilikuwa langu pia.

Tuliketi mezani jioni mbili, yeye, mama yake na mimi. Yeye alikata, mama yake akapaka gundi, nami nikabandika nyota zilizodondoka mahali pake, moja baada ya nyingine, juu ya kadi za buluu. Nyingine zilikaa upande kidogo. Hakuna jirani aliyelalamika, ila mimi najua ni zipi, na yeye anajua.

Sitakudanganya kwamba binti huyo sasa ni bingwa wa hisabati. Lakini muhula uliofuata alinionyesha swali la kuzungusha umbo kwa digrii 60 katika daftari lake, na akasema, "Baba, hii ni ile kabari." Alikuwa ameanza kwa kutafuta kitovu.

Basi msomaji, gazeti hili ukishalisoma, usilitupe. Chukua ukurasa mmoja, ukate mraba, ukunje mara moja, kisha mara tatu, kisha mara moja tena. Mwite mwanao aliye karibu, au mdogo wako, au hata nyanya yako. Kateni pamoja kabla hamjawasha tarakilishi yoyote. Na kama katikati itadondoka, msikasirike. Mtakuwa mmejifunza daraja lilipaswa kuwa wapi, na mmejifunza kwa ukurasa mmoja wa gazeti badala ya karatasi 40 za manila.